Namna ya kutumia kipande cha wimbo wa mwingine bila kuvunja hakimiliki

Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na ya rekodi yenyewe. Utunzi aghalabu ni wa mtunzi au mchapishaji wake. Rekodi huwa ya kampuni iliyoigharamia. Ukikata kipande cha rekodi ukakitia katika wimbo wako, omba ruhusa zote mbili. Wengi hukwama hapa: wameshaafikiana na mwimbaji, kumbe rekodi si yake.

Mwenye rekodi akikataa au akitaka fedha nyingi, kipige kipande hicho upya kwa vyombo vyako. Hapo itabaki ruhusa ya utunzi peke yake. Na kama kilichokuvutia ni mtindo, mada au kasi ya mdundo, usiombe kwa mtu yeyote. Sheria hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe, na wasanii wengi hujinyima uhuru huu bila sababu.

Usisikilize uvumi kwamba sekunde chache ni bure. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki yaliyotiwa saini 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unaruhusu kunukuu kazi ya mwingine kwa kiasi kinachohitajika na lengo, chanzo kikitajwa. Hautaji sekunde hata moja.

Kwa kazi za zamani, tafuta mwaka aliofariki mtunzi. Kiwango cha chini cha Berne ni ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo. Marekani na Umoja wa Ulaya kwa kawaida ni 70. Waliotunga pamoja huhesabiwa tangu kifo cha wa mwisho wao. Hata muda huo ukiisha, rekodi ya juzi ya utunzi huo bado ina mwenyewe. Miaka 70 ni mingi mno: haimlishi aliyekwisha kufa, na kazi ambazo warithi wake hawajulikani hubaki zimefungwa. Hapo kweli sheria hukaba ubunifu.

Leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo mwenye kazi huwapa watu wote mapema kwa masharti, husaidia, ila soma herufi zake. BY: taja mwenye kazi. NC: usitumie kibiashara. SA: ukiibadilisha, toa yako kwa leseni ileile. ND: usisambaze kazi iliyobadilishwa. Mtego uko kwenye ND, kwani kuoanisha muziki na picha za video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha, hata usipoukata.

Katika barua ya maombi andika jina la wimbo, kipande kinaanzia na kuishia sekunde ya ngapi, utakitumia wapi, kwa muda gani, na mgao wa mapato unaoupendekeza. Pata jibu kwa maandishi kabla ya kutoa wimbo. Ukishasambaa, bei ataipanga mwenzako.

Kazi yako nayo hulindwa mara inaporekodiwa, bila usajili. Ushahidi ndio haujitengenezi. Siku hiyohiyo ya kurekodi, andikeni majina ya wote mlioshiriki na asilimia ya umiliki ya kila mmoja, jumla ifikie 100, kila mmoja atie saini, na mhifadhi faili za awali zenye tarehe.