Pointi za mwisho za BCom: mambo ya kujua kabla hujatuma maombi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, yakishatoka, saiba (maduka ya intaneti) za mitaani hujaa vijana wenye karatasi iliyokunjwa mara nne: upande huu majina ya vyuo, upande huu tarakimu. Ni pointi za mwisho za mwaka uliopita, zilizonakiliwa kutoka tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni nchini Kenya. Mwenye pointi 34 akiona chuo fulani kiliishia 33.9 kwa Shahada ya Biashara (BCom), anaanza kusherehekea. Mwenye 33 anakunja karatasi na kwenda zake. Wote wawili wameisoma vibaya.

Hakuna mtu aliyeketi ofisini akaamua kuwa mwaka huu BCom ni 33.9. Waombaji hupangwa kuanzia wa juu, nafasi zinajazwa moja moja, na aliyepata kiti cha mwisho, pointi zake ndizo huandikwa. Kwa hiyo tarakimu hiyo ni unyayo wa mtu aliyekwisha kupita. Mwaka ukibadilika, unyayo nao husogea. Mwaka 2023 waliopata C+ na kuendelea walikuwa 201,133. Mwaka 2024 wakafika 246,391. Ongeza watu zaidi ya elfu arobaini na tano kwenye foleni, kisha uniambie kama tarakimu ya mwaka jana ni ahadi. Nafasi zenyewe pia hubadilika: chuo kikiongeza viti, pointi za mwisho huweza kushuka hata kama wanafunzi wamefanya vizuri kuliko wenzao waliotangulia.

Usichanganye pointi za mwisho na sifa za chini. Sifa za chini ndizo mlango wenyewe: gredi ya wastani ya C+ kwa shahada yoyote, yaani angalau pointi 46 kati ya 84, pamoja na gredi ambazo kozi inadai katika masomo fulani, hasa Hisabati na lugha. Ukikosa sifa hizo, hata uwe na pointi za klasta (zile za kundi la masomo ambayo kozi huyatazama) kiasi gani, ombi lako halitapita. Ukurasa wa kila kozi unazionyesha, nao ndio wa kusomwa kwanza. Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye tarakimu, labda kwa sababu tarakimu inaonekana kama jibu.

Sasa klasta, hapa tukae kidogo. Kila kundi la kozi hutazama masomo manne. Kwa kozi za biashara ni Kiingereza au Kiswahili, Hisabati, somo moja la sayansi au la kundi la Historia, Jiografia na dini, halafu somo jingine ambalo hujalitumia. Somo la Biashara lenyewe huingia kwenye nafasi hiyo ya nne tu, wala si lazima uwe ulilisoma. Nimeona vijana wazuri wakiikwepa BCom eti kwa sababu waliacha Biashara kidato cha pili.

Hesabu ya mkononi ambayo walimu hutumia ni hii: gawa jumla ya masomo manne kwa 48, gawa jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Tuseme binti ana Kiswahili A- (11), Hisabati C+ (7), Jiografia B (9) na Biashara A- (11). Masomo manne yanampa 38. Akiongeza Kiingereza B- (8), Biolojia C+ (7) na Kemia C (6), masomo saba yanafika 59, yaani B-. Jibu ni kama 35.8.

Sasa mpe binti huyo huyo Hisabati B badala ya C+. Anapanda hadi 37.3. Umpe pointi mbili hizo hizo kwenye Kemia badala ya Hisabati, anaishia 36.4. Hisabati imehesabiwa mara mbili, kwenye klasta na kwenye jumla. Kemia imehesabiwa mara moja tu. Aliye kidato cha tatu na anaiwazia BCom aiangalie hesabu hii tena kabla hajapanga ratiba ya masomo ya jioni. Aliyekwisha kufanya mtihani ajue kwamba hesabu ya mkononi ni ya kukadiria. Pointi zako halisi, zenye desimali zake, ziko ndani ya akaunti yako ya KUCCPS, na hizo ndizo za kulinganisha. Usikubali ukadiriaji wa mtu wa saiba wakati nenosiri unalo mwenyewe.

Tazama pointi za miaka miwili au mitatu ya kozi ile ile, chuo kile kile. Zikiwa zinapanda kila mwaka, usitegemee kuponea kwa nukta. Zikiwa chini mno, huenda viti havikujaa, na hapo tarakimu haikuambii lolote kuhusu ushindani; inakuambia tu ni nani wa mwisho aliyekuwa na sifa akaomba. Tofauti kati ya chuo cha Nairobi na chuo cha mbali kwa shahada ile ile huweza kuwa kubwa. Basi kwenye machaguo yako weka moja la kujaribu bahati, mawili yaliyo karibu na pointi zako, na angalau moja ambalo hata mwaka ukiwa mgumu utalipata. Hilo la mwisho liwe kozi unayoweza kuisoma miaka minne bila kununa. Kujaza chaguo salama kwa kozi usiyoitaka ndiko huleta zile barua za kuomba uhamisho. Na ukiomba kuhamia chuo kingine, pointi za mwisho za kozi unayoihamia zinakusubiri huko huko.

Ukikosa machaguo yote, bado kuna awamu nyingine ya kuomba, ila utachagua katika kozi zenye nafasi zilizobaki, na za biashara kwenye vyuo vikubwa huwahi kujaa. Njia ya kujilipia ipo pia: unaomba chuoni moja kwa moja, na hapo sifa za chini ndizo huangaliwa zaidi. Uliza karo ya mwaka mzima kabla hujamwambia mzazi.

Jambo la pesa, kwa ufupi: kupangiwa chuo hakukupi mkopo wala ufadhili. Hilo ni ombi jingine, na lina siku yake ya mwisho. Andaa kitambulisho chako au cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na namba ya simu ambayo hutaibadilisha, maana ujumbe wote utakuja kwenye namba hiyo.