Namna ya kuuliza maswali ambayo wafanyakazi wako watayajibu kwa ukweli

Maswali mengi ya mabosi ni amri zilizofunikwa. "Hamwoni tungepunguza bei?" Nani atakataa? Ukitaka kusikia usiyoyajua, fuata hatua hizi.

1. Andika swali kabla ya kikao. Ukikuta limeanza na "hamwoni" au "si kweli kwamba", ujue umeshaamua. Liandike upya: "Wateja wa zamani wanakwama wapi?"

2. Chunga "kwa nini". "Kwa nini umechelewesha mzigo?" humfanya mtu ajitetee. "Mzigo ulikwama wapi?" humfanya aeleze. Kwenye mitambo na taratibu, hata hivyo, "kwa nini" ni dawa. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, alifundisha kuiuliza mara 5. Katika mfano wake, mashine imesimama kwa sababu fyuzi imeungua. Ukiendelea kuuliza unafika kwenye pampu ya mafuta ya kulainishia isiyo na chujio, vipande vya chuma vimeingia na kuila. Anayebadilisha fyuzi tu ataibadilisha tena. Usilazimishe hiyo 5 lakini. Acha kuuliza ukifika kwenye jambo mnaloweza kurekebisha.

3. Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo viongozi wengi hushindwa, maana kimya cha kikao kinawasha. Mtafiti Mary Budd Rowe aliona walimu wakisubiri jibu kwa sekunde 1 hivi; waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na hoja zikaongezeka. Mimi huhesabu kimoyomoyo. Aanze mwenye cheo kidogo, wewe umalizie.

4. Mkiwa mmeng'ang'ania jambo, uliza kama mgeni. Mwaka 1985 biashara ya chipu za kumbukumbu za kompyuta ilikuwa ikiizamisha kampuni ya Intel. Andy Grove, rais wa kampuni, akamuuliza mkurugenzi mkuu Gordon Moore: bodi ikitufukuza na kuleta mkuu mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na hizo chipu. Wakaachana nazo wao wenyewe, wakaelekeza nguvu kwenye vichakataji, yaani chipu zinazofanya kazi kama ubongo wa kompyuta.

5. Pokea jibu baya vizuri. Ukimkaripia aliyeleta habari mbaya, kikao kijacho utaambiwa mambo ni shwari. Mshukuru, kisha muulize: "Nani mwingine analijua hili kuliko sisi?" Mtafute huyo kabla hamjaamua lolote, hata kama ni mlinzi wa getini.