Kuhamisha betri ya pikapu ya zamani: anza na waya
Ukitoa betri ya Datsun 1200 chini ya boneti ukaipeleka kwenye bodi, nyuma ya kabini, usiunge waya ule ule wa zamani. Umeme hupungua njiani, stata ikazunguka kivivu. Nunua waya mmoja mzima wa shaba, milimita za mraba 35. Fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya: waya ukichubuka kwenye chuma bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Kila tundu waya unapopita, weka mpira. Hasi ifunge kwenye chesi uliyokwangua rangi, na injini nayo iwe na waya wake wa kwenda chesi. Mafundi wengi huusahau huu. Boksi la betri liwe na matundu, kwani betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.