Kabla ya kununua miwani janja, ivae ikiwa imezimwa

Nimevaa miwani tangu utotoni, kwa hiyo nilipopata miwani janja, yenye kamera na spika ndani yake, nilijiona hakimu. Siku ya tatu ikaishia kwenye droo. Kamera ilikuwa nzuri, sauti nzuri. Ilinibana tu nyuma ya masikio.

Ndiyo maana nasema, kama unaweza kuiazima, anza kwa kuizima. Ivae asubuhi hadi jioni kama miwani tupu. Inama ufunge kamba za viatu: ikiteleza hadi ncha ya pua, irudishe kwa mwenyewe. Miwani janja ya Ray-Ban Meta ya mwaka 2023 ina uzito wa karibu gramu 50. Kiganjani si kitu, ila pua ina hesabu zake ikifika jioni.

Kama macho yako ni kama yangu, uliza mapema ikiwa itakubali lenzi za namba yako. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia: nyingi huchajiwa ndani ya kibweta chake. Yaani ikichajiwa, wewe huoni! Usiitupe ile ya zamani.

Sasa watu. Google Glass, miwani janja ya kampuni ya Google, iliuzwa Marekani kuanzia 2013 kwa dola 1,500, na mwanzoni mwa 2015 mauzo kwa watu wa kawaida yakasimamishwa. Bei ilichangia, lakini kubwa zaidi ni kwamba aliyekaa mbele yako hakujua kama unamrekodi. Siku hizi huwekwa kitaa kinachowaka kamera ikifanya kazi. Kijaribu juani. Nilimweka shemeji yangu hatua mbili mbele yangu, nikamrekodi kwa ruhusa yake, nikamuuliza kama ameona kitu. “Kitu gani?” akasema.

Kwa maoni yangu saa janja ilipita kirahisi kwa sababu mkono ulishazoea saa, tena saa haimtazami mtu. Miwani inamtazama. Wa kwanza kuizoea tutakuwa sisi wenye macho mabovu, siku itakapokuwa nyepesi kama tunayovaa sasa.

Mwisho, andika kazi unazotaka ikufanyie mikono ikiwa imeshikwa. Orodha yangu ilikuwa na moja: kupokea simu nikiosha vyombo. Kwa hilo tu, vipokea sauti vya masikioni vinatosha.

Ukiinunua hata hivyo, ivue kabla ya kuingia choo cha watu wengi, hata ikiwa imezimwa. Aliye pembeni yako atajuaje?