Kupanga seva ya hifadhi kwa mashine pepe za ofisi ndogo

Anayetafuta seva ya hifadhi huanza kuhesabu terabaiti. Kwa mafaili ya kawaida hesabu hiyo inafaa. Kwa mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja, inapotosha: mashine kumi zikifanya kazi pamoja, diski hupokea maombi madogo madogo yaliyotawanyika kila upande. Kinachoisha mapema ni idadi ya maombi ambayo diski zinaweza kuhudumia kwa sekunde, yaani IOPS, huku nafasi ikiwa bado tele.

Hatua ya 1: Pima

Kwenye kila mashine uliyonayo sasa, rekodi matumizi ya diski kwa wiki nzima ya kazi. Linux ina `iostat -x`, Windows ina Performance Monitor. Usipime alasiri moja tu, kwani mzigo mkubwa huja asubuhi watu wanapoingia kazini, na usiku nakala rudufu zinapochukuliwa. Andika maombi kwa sekunde wakati wa kilele, uwiano wa kusoma na kuandika, na ukubwa wa data.

Hatua ya 2: Diski na mpangilio wake

Hapa ndipo mradi hufaulu au hukwama, basi usiharakishe.

Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhudumia maombi ya nasibu 100 hivi kwa sekunde. Tuseme kilele chako ni 1,500, na 500 kati ya hayo ni ya kuandika. Diski nne zikipangwa katika jozi mbili za pacha (kila diski ikiwa na data ileile ya mwenzake), zitaandika kama 200 na kusoma kama 400. Hazitoshi, hata zikiwa na terabaiti 20 kila moja. SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) mbili pacha zinaubeba mzigo huo bila shida. Kwa hiyo mashine pepe ziweke kwenye SSD, na diski za kuzunguka zibaki na nakala rudufu na mafaili ya zamani.

Wengi huvutiwa na RAIDZ au RAID 5, mipangilio inayotandaza data na taarifa za kuirejesha juu ya diski kadhaa, kwa sababu huokoa nafasi. Kwenye ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, kundi zima la RAIDZ huhudumia maombi ya nasibu ya kuandika kwa kasi inayokaribia ya diski moja, liwe na diski nne au nane. Kwa mashine pepe mimi huchagua pacha, na kila jozi mpya huongeza kasi pamoja na nafasi. ZFS ipewe diski moja kwa moja, bila kadi ya RAID katikati.

Usijaze hifadhi kupita asilimia 80. Ukitumia iSCSI (njia ya kuipa seva diski kupitia mtandao), panga kubaki karibu na nusu, maana ZFS hupungua kasi kadiri nafasi huru inavyokatika vipande.

Hatua ya 3: Linda data iliyothibitishwa kuandikwa

Hifadhidata ikiandika muamala, husubiri hifadhi iseme "tayari imeandikwa". Ukiweka mpangilio wa ZFS `sync=disabled`, unaojibu hivyo kabla data haijaandikwa, kasi itapanda sana, lakini umeme ukikatika, sekunde kadhaa za miamala iliyokwisha kuthibitishwa zitapotea. Usifanye hivyo kwenye data ya watu. Nunua SSD za seva zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Zina bei, na zinastahili. Chagua pia RAM ya ECC, inayosahihisha makosa madogo yenyewe.

Hatua ya 4: Mtandao

Gigabiti 1 hupitisha megabaiti 110 hivi kwa sekunde, na SSD moja ya kawaida huijaza. Weka gigabiti 10 kati ya hifadhi na seva za mashine pepe, kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yake. Kuunganisha nyaya mbili kwa LACP hakuongezi kasi ya muunganisho mmoja, kwani hupita kwenye waya mmoja tu. Kwa iSCSI tumia njia nyingi, yaani MPIO. Kama huna sababu maalumu, anza na NFS, inayoshiriki mafaili badala ya diski. Ni rahisi kuisimamia.

Hatua ya 5: Nakala rudufu na UPS

Snapshoti (picha za data za wakati fulani) zilizo ndani ya boksi lilelile hufa pamoja nalo. Peleka nakala kwenye mashine nyingine, na moja iwe nje ya jengo. UPS (betri ya akiba) iunganishwe na programu ya NUT ili mashine pepe zizimwe kwanza, hifadhi mwisho.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuhamisha

Endesha `fio`, programu ya kupima diski, ndani ya mashine pepe, kwa maombi ya nasibu yenye uwiano ule uliopima. Faili la jaribio liwe kubwa kuliko RAM ya hifadhi, la sivyo utakuwa unapima kumbukumbu. Mzigo ukiendelea, chomoa diski moja. Hakikisha onyo limekufikia, kisha rudisha diski uone ujenzi upya unachukua muda gani na watumiaji wangepata kasi gani wakati huo. Rejesha pia mashine pepe moja kutoka kwenye nakala rudufu hadi iwake. Ikiwaka, anza kuhamisha, ukitanguliza mashine ambayo ofisi inaweza kuikosa kwa siku moja.