Sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto mdogo: kuiandaa kwa siku mbili mjini Lubumbashi

Mtoto anayetimiza mwaka mmoja, miwili au mitatu hajui kama sherehe yake iliandaliwa kwa mwezi mzima au kwa siku mbili. Kwa hiyo mzazi ambaye mshahara wake umechelewa, au ambaye kazi ya Kolwezi imemrudisha nyumbani Alhamisi jioni ilhali siku ya mtoto ni Jumamosi, hana sababu ya kuahirisha. Muda mfupi hutulazimisha kuacha mambo ambayo kwa kawaida tunaona haya kuyaacha, yaani orodha ndefu ya wageni, vyombo vya muziki vya kukodi na sufuria za chakula cha watu sitini. Kinachotakiwa ni kuamua mambo kwa mpangilio unaofaa, maana asiyejua sherehe inaanza saa ngapi na itakuwa na watu wangapi hawezi kwenda sokoni kwa akili.

Saa ndiyo ya kwanza kuamuliwa, kabla hata ya keki. Watoto wengi wa umri huu hulala baada ya chakula cha mchana, na anayeamshwa kabla ya kushiba usingizi atalia mbele ya mishumaa hata mkimbembeleza vipi. Sherehe inayoanza saa tisa alasiri na kumalizika saa kumi na moja humkuta mtoto ameamka, ameoga na ana njaa kidogo, tena huwawezesha wageni kurudi kwao kabla ya giza, ambapo mbu wa malaria huanza kuuma. Saa hiyo ina faida nyingine ambayo waliozoea sherehe za hapa kwetu wataielewa mara moja: mgeni wa saa tisa amekwisha kula kwake, hivyo hatarajii bukari, yaani ugali. Ukiwaita watu saa sita, umewaita kwenye chakula cha mchana, upende usipende, na fedha za keki zitaishia kwenye unga, kuku na mafuta. Katika ujumbe andika saa kwa tarakimu, 15h00, ili asitokee mtu wa kufasiri, na utaje pia saa ya kumaliza. Kutaja mwisho wa sherehe kunaweza kuonekana kama kuwafukuza watu, lakini ukiandika kwamba keki itakatwa 15h30 na mtoto atapumzishwa 17h00, hakuna atakayekasirika, kwa kuwa anayewaaga ni mtoto.

Idadi ya wageni ndiyo inayowashinda wengi. Hadi kufikia karibu miaka mitatu, watoto hucheza kando kwa kando zaidi kuliko kucheza pamoja, kwa hiyo watoto watano au sita wanatosha kabisa, na usisahau kwamba kila mmoja atakuja na mama yake, dada yake mkubwa au wote wawili, hivyo watoto sita ni watu kumi na watano. Alika watoto wa lupango lenu, yaani wa ua mnaoishi, wa jirani mnayesalimiana naye kila asubuhi, na binamu wanaoishi karibu. Nkambo wa mtoto, yaani babu au bibi yake, na yule ambaye mtoto amepewa jina lake, wapigiwe simu kabla ya ujumbe wowote kutumwa, hata kama wako mbali na hawataweza kufika, kwa sababu kusikia habari hiyo kwa mtu mwingine huwaumiza zaidi kuliko kutoalikwa. Wengine watumie ujumbe wa WhatsApp mmoja mmoja. Ujumbe uliowekwa kwenye kundi la familia ni mwaliko kwa kila mtu hadi Kipushi, na ukishasomwa hakuna namna ya kuurudisha.

Jumamosi alasiri mjini ni wakati wa harusi, jambo ambalo kwa sherehe ya mtoto ni heri, kwani watu wazima wanaopenda kukaa hadi usiku watakuwa kwingine. Jumapili nayo inafaa, ila uhakikishe kwamba ibada ya wageni wako wakuu haiendelei hadi alasiri. Watoto wa jirani ambao hawakualikwa watachungulia uani, na hilo si la kulizuia. Weka pembeni beseni dogo la vitumbua kwa ajili yao tangu asubuhi, kisha uendelee na shughuli yako kwa amani.

Kwa mahali, lupango la nyumbani linashinda ukumbi wowote, kwa kuwa mtoto amelizoea na kitanda chake kiko karibu. Kivuli cha mwembe kinatosha, ingawa kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili maembe huanguka bila taarifa, na hapo ni busara kusogeza mkeka mbali na matawi yaliyozaa. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inaweza kunyesha wakati wowote wa alasiri, kwa hiyo sebule iwe imeondolewa meza na vitu vya kuvunjika hata kama anga ni safi; wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi, na ndoo mbili za maji zilizonyunyizwa saa moja kabla ya wageni kufika hulituliza. Kabla ya yote, piga magoti uani na utazame mazingira kwa kimo cha mtoto. Utaona kisima ambacho mfuniko wake umelegea, mbabula, yaani jiko la makaa, yenye majivu ya moto, waya wa jenereta, chupa ya mafuta ya taa chini ya meza na lango linaloelekea barabarani. Lango lipewe mtu mmoja wa kulilinda, kwa jina, kwa sababu kazi iliyoachiwa watu wote hufanywa na hakuna mtu.

Keki ndiyo inayoogopesha zaidi pale muda unapokuwa mfupi. Wapishi wa keki za kuagizwa huhitaji kupewa taarifa mapema, na anayekubali kutengeneza keki ya ghorofa mbili kwa siku moja mara nyingi hukuletea keki ambayo katikati haijaiva. Njia ya kwanza ni kununua keki ya kawaida iliyoko tayari dukani, isiyo na maandishi, ukaipamba mwenyewe. Njia ya pili ni kuioka nyumbani, hata bila umeme, kwani siku za katizo la SNEL, shirika la umeme, hazichagui sherehe ya mtu. Unahitaji gramu 250 za unga wa ngano, yaani vikombe viwili vya kawaida, gramu 150 za sukari, gramu 125 za margarini, mayai manne, nusu kikombe cha maziwa na vijiko vidogo viwili vya hamira ya keki, ambayo si ile ya mkate. Piga margarini na sukari hadi mchanganyiko uwe mweupe, ongeza mayai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na hamira ukipokezana na maziwa, na uache kukoroga mara tu unga usipoonekana tena.

Chukua sufuria kubwa yenye kitako kinene, mwaga ndani yake mchanga mkavu na safi wenye unene wa kidole, funika na uipashe moto kwa dakika kumi. Sufuria ndogo iliyopakwa margarini na kunyunyizwa unga ndiyo itakayobeba keki. Iweke juu ya mchanga, funika ile kubwa kwa mfuniko wa chuma, kisha uhamishie makala (makaa) mengi juu ya mfuniko na kuacha machache tu chini. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanaacha moto mkali chini kama wanaochemsha maharagwe, na keki huungua kitako ikiwa bado mbichi juu. Usifunue kabla ya dakika ishirini na tano kupita. Karibu na dakika ya arobaini choma kisu katikati: kikitoka kikavu, keki imeiva. Kazi hii yote ifanyike nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, kwa kuwa moshi wa makala usioonekana huua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Oka Ijumaa jioni. Keki ya namna hii hukatika vizuri zaidi siku ya pili. Kwa mapambo, sukari laini iliyokorogwa na matone ya limau inatosha. Krimu ya maziwa iache, maana friji isiyo na umeme tangu asubuhi haiwezi kuilinda.

Ununuzi ufanywe Ijumaa asubuhi, katika Soko la Kenya au soko lolote lililo karibu nawe, ukiwa na franka za noti ndogo na, ukibeba dola, ziwe noti nzima na safi, kwani iliyochanika hata ukingoni itakataliwa na utarudi nyumbani bila mayai. Vyakula vya watoto viwe laini na vya kushikwa kwa mkono: vitumbua vidogo, ndizi, papai au embe lililokatwa, yai la kuchemsha, nyama ya kuku iliyotolewa mifupa na kuchambuliwa. Sambusa zenye pilipili ziwekwe kwenye meza ya watu wazima. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima zisionekane kabisa sherehe nzima, hata mikononi mwa watu wazima, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka minne hukabwa navyo kwa urahisi na hutokea kimya kimya, bila kikohozi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Maji ya kunywa yachemshwe Ijumaa usiku ili yawe yamepoa. Munkoyo, kinywaji chetu cha nafaka kilichochacha, ni kwa wakubwa. Hata ule unaoonekana mtamu unaendelea kuchacha kadiri muda unavyopita, na kileo chake huongezeka.

Kuhusu maputo, maoni yangu ni makali kuliko ya jirani zangu wengi. Yanapendeza kwenye picha, lakini kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni mwa mtoto hujibana kama mfuniko, na ni vigumu kukitoa. Ukiyataka, yafunge juu, pasipofikika, na kiokotwe kila kipande puto linapopasuka. Vitambaa vya kitenge vilivyokatwa na kufungwa kwenye kamba vinapamba vilevile, havigharimu kitu kama una mabaki ya fundi cherehani, na havimdhuru mtu.

Michezo haihitaji kukodiwa. Beseni la maji yenye kina cha vidole viwili pamoja na vikombe vya plastiki, masanduku ya karatasi ya kuingia na kutoka, na povu la sabuni linalopulizwa na mtu mzima vitawashughulisha kwa muda mrefu, mradi mtu asiondoke karibu na beseni. Wale wanaovaa vichwa vikubwa vya wanyama wa katuni na kuja kucheza dansi huwafurahisha watoto wa shule, lakini mtoto wa miaka miwili mara nyingi huwaogopa na kulia hadi sherehe inaisha. Kama kuna vijana wa familia waliozoea kumwagia maji mwenye sikukuu, waambiwe mapema kwamba mwaka huu atamwagiwa baba yake.

Keki ikatwe mapema, nusu saa baada ya kuanza, kabla watoto hawajachoka. Wageni wanaochelewa watakuta kipande chao. Mshumaa mmoja, miwili au mitatu, basi: ile ya cheche inayopendwa kwenye harusi hutupa cheche za moto mkali sana, na haifai karibu na uso wa mtoto wala gauni la kitambaa chepesi cha tuli. Picha ya familia ipigwe kabla ya kukata keki, wakati nguo bado ni safi. Zawadi zipokewe kwa shukrani na zifunguliwe baada ya wageni kuondoka, ili mtoto asinyang'anyane na wenzake kitu ambacho hakuwa nacho dakika tano zilizopita, na ili aliyeleta sabuni asijilinganishe na aliyeleta baiskeli.

Wageni wakishaondoka, zungukeni uani kabla ya giza mkiokota vipande vya maputo, njiti na vifuniko vya chupa, kwani mtoto wenu ndiye atakayeamka wa kwanza kesho na kuvikuta. Keki iliyobaki, ikifunikwa vizuri, hukaa siku mbili bila friji. Kata vipande vya nkambo na vya waliotuma udhuru, na vipelekwe asubuhi.