Farasi wa mbio anapoumwa mguu wa nyuma bila uvimbe: kuipima na kuiuguza ligamenti tegemezi

Ligamenti tegemezi ni mshipi mgumu wa nyuzi. Kwenye mguu wa nyuma huanzia nyuma ya mfupa wa muundi, yaani mfupa mrefu unaoshuka kutoka kiungo chenye ncha iliyochongoka kwa nyuma, chini kidogo ya kiungo hicho. Huteremka katikati ya vijifupa viwili vyembamba vya pembeni, kisha hugawanyika matawi mawili yanayoshika mifupa midogo nyuma ya kifundo, kiungo kilicho juu kidogo ya ukwato. Ndiyo inayozuia kifundo kisizame mpaka chini farasi akikanyaga kwa kasi.

Kwenye mguu wa nyuma chanzo chake kimebanwa kila upande: mfupa mbele, vijifupa kushoto na kulia, utando mgumu nyuma. Ikivimba haina pa kutanukia, basi huikandamiza neva iliyo jirani. Kwa hiyo mguu usio na joto wala uvimbe bado unaweza kuwa na jeraha kubwa.

Hatua ya 1: Mtazame akienda

Mpeleke mwendo wa matiti (mbio ndogo za kudundadunda) kwenye njia ngumu iliyonyooka, mita 30 kwenda na kurudi, kamba ikiwa imelegea ili saisi asimshike kichwa. Simama nyuma yake uangalie mifupa miwili ya nyonga: upande unaopanda na kushuka zaidi ndio wenye maumivu. Kisha mzungushe kwenye ardhi laini. Mara nyingi jeraha hili huonekana zaidi mguu mbovu ukiwa upande wa nje wa duara.

Miguu yote miwili ikiuma kwa kiasi kimoja, hutaona kuchechemea. Utaona hatua fupi, farasi asiyejisukuma akitoka, anayekataa kubadili mguu wa kuongoza kwenye kona. Inua ukwato uangalie kiatu: ncha ya mbele iliyolika kuliko kawaida inaonyesha kwamba anauburuta.

Hatua ya 2: Papasa

Mguu ukiwa umeinuliwa na kukunjwa, sogeza kano za nyuma pembeni kwa kidole gumba, kisha ibonyeze ligamenti kwenye mfupa kuanzia juu. Fanya hivyo hivyo mguu wa pili. Kinachohesabika ni tofauti kati ya miguu, kwa sababu wapo farasi wanaoruka wakiguswa popote.

Usiishie hapo. Uvimbe nyuma, chini tu ya ile ncha, huelekeza kwenye kano au ligamenti za eneo hilo. Na ukiuvuta mguu kwa nyuma, kiungo chenye ncha kikanyooka huku goti likiwa bado limekunjwa, umekatika msuli wa mbele unaoviunganisha viungo hivyo viwili. Kwa farasi mzima hukunjwa na kunyooka pamoja.

Hatua ya 3: Sindano ya ganzi

Hii ni kazi ya daktari wa mifugo. Farasi asiyekanyaga kabisa apigwe eksirei kwanza: ganzi juu ya mfupa wenye ufa inaweza kuuvunja. Anza na sindano za chini, panda juu: kuchechemea kukipungua, maumivu yapo pale palipotiwa ganzi. Kwenye chanzo cha ligamenti hutumika mepivakaini ya 2%, mililita 2 hadi 3 tu, na farasi huangaliwa baada ya dakika 10 hivi. Dawa ikiwa nyingi au ukikawia, husambaa hadi kwenye kiungo kilicho juu yake, na baridi yabisi ya hapo ikadhaniwa kuwa ligamenti. Ukiwa na shaka, kitie ganzi kiungo chenyewe siku nyingine. Kuchechemea kukihamia mguu wa pili, yote miwili inaumwa.

Hatua ya 4: Ultrasaundi

Nyoa, osha, paka jeli. Piga picha za mkato na za urefu, miguu yote, kwanza akiwa amekanyaga, kisha mguu umeinuliwa. Ndani ya ligamenti hii mna mafuta na nyuzi za msuli kwa asili, nazo huonekana kama mabaka meusi. Wengi huyaita majeraha. Pima eneo la mkato, yaani ukubwa wa ligamenti kwenye picha ya mkato, uandike namba. Eksirei ionyeshe kama kipande cha mfupa kimebanduka.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo

Barafu au maji baridi dakika 20, mara 3 hadi 4 kwa siku. Funga bendeji yenye pamba nene, na mguu wa pili pia. Dawa ya kupunguza uvimbe hupimwa na daktari kwa uzito wa farasi. Punguza nafaka, nyasi kavu kwa siku ziwe 1.5 hadi 2% ya uzito wake, yaani kilo 7.5 hadi 10 kwa farasi wa kilo 500.

Hatua ya 6: Kumrudisha kazini

Nyuzi mpya huota ovyo na ni dhaifu. Mzigo mdogo wa kila siku ndio unaozipanga. Mzigo mkubwa huzikata. Kwa jeraha la wastani:

- Wiki 1–2: bandani, kutembezwa kwa mkono dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku.
- Wiki 3–4: dakika 15, mara mbili.
- Wiki 5–12: ongeza dakika 5 kwa siku kila wiki mpaka zifike 60. Ultrasaundi wiki ya 12.
- Wiki 13–24: matiti dakika 5, mstari ulionyooka, ongeza 5 kila wiki mbili. Ultrasaundi tena.
- Baada ya hapo shoti nyepesi. Mbio zenyewe ni miezi 9 hadi 12 tangu aumie.

Eneo la mkato likiongezeka zaidi ya 10% kati ya vipimo viwili, rudi hatua moja nyuma, hata kama anatembea vizuri. Kinachoharibu zaidi ni kumfungulia uwanjani mapema: sekunde chache za kurukaruka hufuta miezi mitatu. Mchanga mzito na mizunguko midogo pia subiri. Fundi wa kwato afupishe ncha ndefu na asiache kisigino kimelala. Tiba ya mawimbi ya mshtuko hutuliza maumivu kwa siku kadhaa, kwa hiyo usimpime wala kumwongezea kazi katika siku hizo, na soma kanuni za mbio kuhusu muda wa kusubiri.

Asipopona kwa mapumziko, upo upasuaji wa kukata neva na kuupasua ule utando. Haumfai farasi ambaye mguu wake umenyooka kupita kiasi huku kifundo kikizama. Baadhi ya mamlaka za mbio hazimruhusu farasi aliyekatwa neva kushindana, kwa hiyo waulize kabla ya kisu.